Kusoma Mifupa kwa Miguu

Ukikuta mfupa wa paja wa punda milia umelala katika hifadhi ya Amboseli, Kenya, usiuinue kwanza. Chuchumaa uutazame. Kama mnyama amekufa mwaka huu, mfupa bado una mafuta na kidole kinateleza kidogo juu yake, na huenda kano kavu ingali imeng'ang'ania kwenye kifundo. Subiri misimu kadhaa ya mvua na jua, utaona ufa mwembamba kama unywele ukifuata urefu wa mfupa, sambamba na nyuzi zake. Baada ya hapo ngozi ya juu huanza kubanduka vigamba vigamba, kama rangi ya mlango uliopigwa na upepo wa bahari. Kisha uso wote unakuwa wa kuparuza, nyuzi ziko nje. Kisha vibanzi. Mwishowe mfupa unaachana pale pale ulipo, na ukijaribu kuubeba unabaki na vipande mkononi.

Sasa ugeuze. Upande uliolalia udongo mara nyingi uko nyuma kwa hatua nzima, kwa sababu haukupigwa na jua. Mfupa mmoja, nyuso mbili, kila uso na umri wake. Msomaji wa mifupa ana kanuni ya hali kama hii: anaandika hatua iliyoharibika zaidi, ilimradi imeenea kwenye eneo linalozidi sentimita moja ya mraba. Tena hatazami kwenye kingo, maana kingo huchakaa upesi na kudanganya. Anatazama mahali palipo bapa, au katikati ya mfupa mrefu.

Hatua hizo ni sita, kuanzia 0 mpaka 5, na aliyeziandika ni Anna Kay Behrensmeyer, mtafiti Mmarekani wa miamba na visukuku, katika makala aliyoitoa mwaka 1978. Mpaka leo mwanafunzi wa akiolojia akikaa mbele ya rundo la mifupa, Afrika Kusini au China, hutumia ngazi ile ile iliyopatikana kwa kutembea katika vumbi la Amboseli. Nimeisoma makala hiyo zaidi ya mara moja, na kinachonivutia ni kwamba hakuna ndani yake mashine yoyote ya ajabu. Kuna macho, miguu, daftari, na mtu aliyekubali kurudi kwenye mzoga ule ule mwaka baada ya mwaka kuona umefikia wapi.

Alifikaje Amboseli mtu wa visukuku? Mwaka 1969 Behrensmeyer alikuwa Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, akiwa na msafara wa Richard Leakey. Huko aliona zana za mawe zikichomoza kutoka kwenye tabaka la majivu ya volkano, na mahali hapo pakaitwa kwa jina lake, KBS, yaani Kay Behrensmeyer Site. Ardhi ya Turkana imejaa mifupa ya wanyama wa kale: nguruwe, viboko, swala, tembo, farasi. Lakini swali lilikuwa palepale. Mifupa hii inasema kweli kuhusu wanyama walioishi, au inasema tu juu ya mifupa migumu iliyobahatika kufukiwa? Ukikuta viboko kumi na digidigi mmoja, je, kulikuwa na viboko wengi, au ni kwamba fisi hawamalizi kiboko?

Huwezi kulijibu swali hilo Turkana, kwa sababu wenye mifupa wamekufa zamani mno na hakuna aliyewahesabu wakiwa hai. Unahitaji mahali ambapo walio hai wanahesabiwa. Na Amboseli alikuwapo mtu anayehesabu: David Western, mwanaikolojia aliyeanza kazi yake hapo mwaka 1967 na ambaye hajaiacha. Mwaka 1975 wawili hao waliunganisha nguvu. Mmoja alihesabu walio hai, mwenzake akahesabu waliokufa.

Amboseli inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu katika eneo dogo ina nchi nyingi. Maji ya Kilimanjaro hupita chini ya miamba ya volkano na kuibuka kwenye vinamasi vya kijani. Hatua chache kutoka hapo kuna migunga. Mbele yake nyika tupu. Na magharibi kuna ziwa kavu lenye vumbi la magadi. Kila nchi inatunza mifupa kwa namna yake. Mfupa wa kinamasini au kivulini haukauki na kuloa kila mara, kwa hiyo unakawia kupasuka. Ule wa nyikani unachomwa mchana, unapoa usiku, na chumvi ya udongo inaukwangua. Mtu anayesema mfupa huu una miaka minane bila kuuliza ulilala wapi, anabahatisha.

Niseme kidogo juu ya kutembea kwenyewe, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Watafiti hupita kwa mistari, kila mmoja na ukanda wake, macho chini. Wakikuta mfupa hawaurushi kwenye gunia. Wanauliza kwanza: wa nani? Chukua ule mfupa mrefu wa chini ya goti, ulio juu ya kwato. Punda milia anasimama juu ya kidole kimoja, kwa hiyo mwisho wa mfupa wake una kichwa kimoja kipana. Nyumbu ana kwato iliyogawanyika, na mfupa wake ni miwili iliyoshikamana. Utaona mfereji mwembamba katikati na vichwa viwili mwishoni. Mchungaji yeyote aliyewahi kuchinja ng'ombe anaujua huo wa pili. Nyumbani kwetu mifupa ya sikukuu ilitupwa nyuma ya jiko, na sisi watoto tukaichezea miaka mingi bila kujua kwamba tulikuwa na maktaba.

Swali la pili: ni wangapi? Fisi hutawanya. Mguu uko hapa, ubavu uko mbali, fuvu limebiringishwa mpaka bondeni. Ukihesabu kila mfupa kuwa mnyama, utajaza Amboseli nyumbu ambao hawakuwapo. Kwa hiyo unatafuta kitu ambacho mnyama mmoja anacho kimoja tu. Mataya mawili ya chini ya kushoto, ya spishi moja, hayo ni ya wanyama wawili, huna ubishi. Taya la kushoto na la kulia ni suala la kutazama meno: yamelika sawasawa? Gego la mwisho limeota kote? Kama upande mmoja ni wa mzee na mwingine wa ndama, unarudi kwenye daftari, unafuta mmoja na kuandika wawili.

Swali la tatu ni lile linalonifanya niwavulie kofia watu hawa: ni kitu gani hakipo? Fisi huanza na ncha za mifupa mirefu, kwa sababu ncha ni laini na zina mafuta. Katikati pagumu huachwa pana mikwaruzo ya meno. Kwa hiyo mfupa wa bega usio na ncha ya juu ni taarifa kuhusu fisi kuliko kuhusu swala. Kwa digidigi hubaki nini? Pengine hakuna, ametafunwa wote. Walipolinganisha hesabu za Western na za mifupa waliona kwamba wanyama wakubwa wanaandikwa vizuri na ardhi, lakini walio chini ya kilo 15 hivi wanapungua sana kwenye mifupa kuliko walivyo maishani. Tangu hapo, mtu akikuta tabaka la kale halina swala wadogo, hana haki ya kusema hawakuwapo. Anajua ardhi inasahau nani.

Na ardhi inakumbuka nini? Mwaka 2009 Western na Behrensmeyer walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa takwimu za miaka 40. Katika muda huo Amboseli ilibadilika: misitu ya migunga ilipungua, nyasi zikaenea, na wanyama wanaokula majani ya miti wakawapisha wanaokula nyasi. Mifupa iliyokuwa imelala juu ya ardhi ilikuwa imeyafuata mabadiliko hayo. Mtu aliyekuja leo bila rekodi ya sensa hata moja angeweza, kwa kutembea na kuchuchumaa, kuona mkondo wa mambo ulivyoelekea. Fikiria thamani yake kwa hifadhi ambayo, tofauti na Amboseli, haikuwahi kuwa na mtu wa kuhesabu.

Nikitoka Amboseli namfikiria Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kufukua pamoja na Louis na Mary Leakey, wazazi wa Richard, na ambaye kwa miongo kadhaa aliongoza kikosi cha watafutaji wa visukuku wa Kenya. Alifariki mwaka 2022. Mila za Wakamba, kama za wengi wetu, hazipendi mtu ashikeshike mifupa ya wafu, na kwa vijana wa wakati ule kuajiriwa kuchimba mifupa halikuwa jambo dogo. Mwaka 1964, Peninj karibu na Ziwa Natron, aliona taya la jamaa wa kale wa binadamu, lililo zima ajabu. Mwaka 1967 alikuwa Omo, Ethiopia, yalipopatikana mabaki ya mtu wa aina yetu wenyewe. Orodha yake ni ndefu, na watu huitaja kama orodha ya bahati.

Haikuwa bahati. Mnamo Agosti 1984, kambi ikiwa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, siku ambayo wenzake walikuwa wanapumzika, Kamoya alivuka mkondo mkavu wa mto na kwenda kutembea. Ukingoni, katikati ya kokoto nyeusi za lava, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso. Kilikuwa cheusi karibu kama kokoto zenyewe. Mifupa iliyokaa ardhini muda mrefu hivyo huchukua rangi ya madini ya mahali hapo, kwa hiyo hutafuti weupe. Unatafuta mpindo ambao jiwe halina, unene wenye ngozi mbili ngumu na sponji katikati, au mng'ao wa jino. Na ili ujue kwamba mpindo huu ni wa fuvu la mtu wala si la nyani au swala, lazima uwe umeshawashika nyani na swala mara nyingi kiasi kwamba kidole kinakataa kabla ya akili. Kamoya alikuwa ameshika mifupa ya wanyama wa kawaida miaka zaidi ya ishirini. Kile kipande kilifungua mlango wa mifupa 108 ya kijana wa Homo erectus aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Walipomfukua chini ya uongozi wa Richard Leakey na Alan Walker, walikuta mizizi ya mti imepenya kati ya mifupa ya kichwa na kuisukuma huku na huku. Mwili ulikuwa umelala penye maji ya kina kifupi, na mifupa ikakanyagwa na wanyama kabla tope halijaifunika. Hapo ndipo mazoezi ya Amboseli yanapojilipa. Aliyeona kinamasi cha leo kikimeza mzoga wa nyumbu, miguu ya tembo ikiukandamiza, anaweza kulisoma tope la Nariokotome.

Kuna kisa kingine ambacho ningependa kila mwanafunzi wa sayansi akisikie. Lile tabaka la majivu la KBS lilipimwa mara ya kwanza likasemekana lina miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo wa kikosi cha Kamoya aliona vipande vya fuvu lililokuja kujulikana kwa namba 1470, chini ya tabaka hilo. Fuvu lenye ubongo mkubwa likaonekana la kale kupita kiasi, na dunia ikashangaa. Waliokataa kushangaa walikuwa watu wa nguruwe. Basil Cooke, aliyezifahamu koo za nguruwe wa kale wa Afrika, aliona kwamba nguruwe wa chini ya KBS wanafanana na wale wa bonde la Omo wenye umri wa miaka milioni 2 hivi. Magego ya mwisho ya nguruwe hao yalikuwa yakirefuka kizazi kwa kizazi, hivyo jino moja ni kama kalenda. Mabishano yalidumu miaka mingi. Mwishowe majivu yalipimwa upya, na umri ukatua karibu miaka milioni 1.9. Jino la nguruwe, ambalo mtu mwenye pupa angelipita ili akafikie fuvu, lilikuwa limesema kweli tangu mwanzo.

Leo Turkana kazi inaendelea kwa namna ile ile. Mvua inapiga vilima, mmomonyoko unaondoa sentimita mbili tatu za udongo, na ardhi iliyotembelewa mwaka jana inakuwa mpya. Watu wanapita tena palepale, asubuhi jua likiwa chini na vivuli virefu. Wakiona kitu hawakiokoti. Wanapanga rundo dogo la mawe pembeni na kumwita anayeandika, kwa sababu mfupa ulioondolewa mahali pake bila kuandikwa umeshapoteza nusu ya maneno yake.

Mwaka 2014, Napudet, magharibi mwa ziwa, kikosi cha Isaiah Nengo kilikuwa kimeshinda siku nyingi bila kupata cha maana. Jioni moja walikuwa wanarudi kwenye gari wakiwa wamechoka. John Ekusi alitangulia mbele kidogo. Nengo akamwona amesimama, kisha anazunguka mahali pamoja, anazunguka tena, macho chini. Wakamfuata. Kitu cha mviringo kilikuwa kimechungulia kutoka ardhini, na kwa mtazamo wa kwanza kilifanana na goti la tembo, maana hao ni watu wanaolijua goti la tembo. Wakapiga magoti na kuanza kupuliza vumbi. Lilikuwa fuvu la mtoto wa sokwe wa kale, dogo kama limau, lenye miaka milioni 13, na ndani ya taya lake meno yasiyowahi kuota bado yalikuwa yamejipanga, yakisubiri zamu yao.