MB 23 Tu, na Laptopu ya Mtumba Imefufuka!

MB 23! Sijakosea kuandika. Mfumo mzima wa kompyuta, wenye madirisha, menyu na kipanya kinachotii, ni MB 23. Unaitwa Tiny Core Linux, na tangu niuwashe hapa Ujiji nimekuwa kero kwa kila mwenye laptopu ya zamani mtaani.

Nilipoupakua, bando halikushtuka hata kidogo. Nikauweka kwenye flashi, nikachomeka kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 1, ambayo Windows ilikuwa ikiitoa jasho kwa kufungua barua moja tu. Kufumba na kufumbua, imewaka! Safu ya vialama chini ya skrini, basi. Nikachomoa flashi nione kitakachotokea. Mashine haina habari, inaendelea na kazi! Mfumo wote hukaa kwenye RAM, diski haiguswi, na MB 46 za RAM zinatosha kuuwasha. Huyu Robert Shingledecker aliyeuanzisha alikuwa kwanza kwenye Damn Small Linux, iliyokuwa na kikomo cha MB 50. Kumbe alikuwa anaona hizo nazo ni nyingi!

Lakini jua kwamba hauji na kitu. Programu ya kuandikia hakuna, kivinjari hakuna. Unafungua kialama cha Apps, unachukua AbiWord ya kuandikia, unachukua kivinjari cha Dillo, kama mtu anayenunua dagaa Kibirizi kwa fungu analolimudu. Mimi napenda hivyo. Anayetaka kila kitu tayari mezani atanuna.

Kasoro ipo, tena si ndogo kwa mji unaojua kukatika kwa umeme: kazi iliyobaki kwenye RAM hupotea mashine ikizimika kabla hujaihifadhi. Betri ikiwa imekufa, hifadhi barua yako moja kwa moja kwenye flashi. Menyu nazo ni za Kiingereza, na hilo linaniudhi, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004.

Jambo la mwisho kabla hujakimbilia kupakua: toleo la MB 23 linataka waya wa intaneti. Steshenari ngapi za mtaani zina waya? Wewe wa Wi-Fi chukua CorePlus, ya MB zaidi ya 200. Bado ni ndogo, na laptopu iliyoko uvunguni mwa kitanda chako itaibeba.