Herufi Moja ya Kibofu

Kuna kazi ya maabara iliyofanyika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambayo ningependa isimuliwe taratibu, maana uzuri wake uko kwenye hatua zake.

Robert Weinberg na wenzake kule MIT walitaka kujua ni nini kinachoifanya seli ya saratani ya kibofu cha mkojo izaane bila kukoma. Waliichanganya DNA ya seli hizo na fosfeti ya kalisi mpaka ikaganda chembechembe laini, wakazimwagia seli za panya kwenye visahani. Seli hizo kwa kawaida hutandaa tabaka moja tu, na zikishagusana huacha kugawanyika. Wakasubiri kwa wiki kadhaa. Hapa na pale kikazuka kirundo: seli zimepandiana, hazijali tena jirani.

Jeni ya saratani ilikuwa imeingia humo, lakini ipi kati ya maelfu? DNA ya binadamu ina vipande vinavyojirudia, viitwavyo Alu, ambavyo panya hana kwa sura hiyo. Kwa alama hiyo wakaifuata jeni mpaka wakaikamata.

Likabaki lililo gumu zaidi. Jeni hiyo, HRAS, imo pia katika seli isiyo na saratani, tena kwa urefu uleule. Clifford Tabin wa maabara hiyohiyo na wenzake wakafanya kazi kama fundi wa pikipiki mwenye injini mbili za aina moja, moja nzima na moja mbovu, anayehamisha kipuri kimojakimoja kisha anawasha na kusikiliza. Wakazikata jeni zote mbili kwa vimeng'enya, wakahamisha vipande kutoka moja hadi nyingine, na kila mara wakarudi kwenye visahani kuuliza. Tofauti ikabanwa ndani ya herufi za DNA zipatazo 350. Zikasomwa: G moja imegeuka T. Maabara ya Mariano Barbacid na ya Michael Wigler zilifikia jibu hilohilo mwaka huohuo, 1982.

Kwa badiliko hilo, asidi amino ya 12 ya protini inayotokana na jeni hiyo huwa valini badala ya glisini. Protini hii huwaka inaposhika molekuli iitwayo GTP, na hujizima kwa kuivunja. Penye valini uvunjaji hukwama, ikabaki imewaka, ikiiamuru seli igawanyike hata pasipo agizo kutoka nje.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba hawakuridhika. Mwaka 1983 Hartmut Land, Luis Parada na Weinberg waliijaribu jeni ileile kwenye seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye vijusi vya panya. Peke yake haikutosha. Ilihitaji jeni ya pili, kama vile myc. Zile seli za mwanzo, zilizokuzwa maabarani kwa miaka mingi, zilikuwa zimeshavuka nusu ya njia.