Mombasa kwa Usiku Mmoja

Msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alilala Mombasa usiku mmoja tu. Ilikuwa yapata mwaka 1331, chombo kikielekea Kilwa. Usiku huo ulimtosha kujua kwamba nafaka ya kisiwani huletwa kutoka pwani ya bara, na kwamba misikiti imejengwa kwa mbao, tena kwa ustadi. Mlangoni mwa msikiti aliona kisima kifupi, kata ya mti iliyotiwa mpini mwembamba, na mkeka mnene wa kupangusia miguu, kwa kuwa watu walitembea pekupeku na hawakuingia kabla ya kunawa. Akataja pia tunda mfano wa zeituni, lenye kokwa, tamu kupindukia. Sisi tunaokula zambarau hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Wapo wanaokaa Mombasa miezi sita wakaondoka na picha ya Fort Jesus na ya zile pembe za ndovu za Moi Avenue, basi. Yeye alitazama miguu.

Kwa hiyo anayefunga virago kwa safari ya mwaka au zaidi, akiuliza achukue kitabu gani, mimi humtajia kwanza Rihla, kitabu cha safari za Ibn Battuta. Kitabu cha mwongozo nacho atakihitaji, lakini hicho huzeeka upesi: nauli hupanda, nyumba za wageni hufungwa. Ibn Battuta aliondoka Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21 aliyenuia kuhiji, na Moroko hakuiona tena hadi 1349. Simulizi yake iliandikwa na Ibn Juzayy kwa amri ya Sultani Abu Inan, ikamalizika 1355. Ina dosari zake. Kurasa kadhaa zimechotwa kwa Ibn Jubayr, aliyesafiri zaidi ya karne moja kabla, na wataalamu hawajaacha kubishana kuhusu habari za China. Hayo hayaninyimi usingizi. Nikifika Mali nakuta mtu aliyetazamia majoho na fedha kutoka kwa mfalme wa huko, Mansa Sulayman, akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaangua kicheko. Msafiri asiyeficha tamaa yake mwenyewe, hata ya wengine nitamsikiliza.

Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari wa Poland, alipotumwa India mwaka 1956 alikabidhiwa na mhariri wake kitabu cha Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, na mwaka 2004 akatoa kitabu kizima kuhusu kusafiri na mzee huyo. Kisomeni, ila kwa tahadhari. Kapuściński amelaumiwa sana kwa kutia chumvi. Wazo lake la kutembea na msafiri wa kale mkobani ni zuri hata hivyo, maana ukichoka na watu wa leo unakuwa na mwenzako.

Video za safari sizipendi. Kamera inaruka juu ya ufuo, muziki unapigwa, na hakuna mtu hata mmoja anayenawa. Afadhali redio ya mahali ulipo. Mgeni aliyevumilia matangazo ya vifo ya Redio Tanzania enzi zile alijifunza nani ni shemeji wa nani, na mikoa wanakoishi, kuliko angefundishwa na kitabu chochote.

Lakini kinachoniuma ni vitabu vya kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 waandishi wa Kiswahili waliandika safari zao kwa nathari iliyonyooka. Amur bin Nasur, aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za kukaa kwake huko. Selim bin Abakari alikwenda Urusi hadi Siberia mwaka 1896, na simulizi yake ikachapwa Göttingen mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten. Ni kweli kwamba Mjerumani ndiye aliyewahimiza waandike, na lazima tujiulize yapi waliyanyamazia kwa ajili yake. Lakini humo Ulaya ndiyo ugenini, baridi ndiyo habari, na anayepima desturi za watu ni mtu wa pwani yetu. Kijana wa Tanga au Lamu anayeondoka leo kwenda Istanbul au Toronto angefaidika kujua kwamba ametanguliwa.

Atakaporudi, asome Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, aone yaliyowapata wajumbe waliorudi nyumbani na mawazo ya nchi nyingine: walitupwa gerezani.

Ninyi wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, toeni Safari za Wasuaheli kwa tahajia ya leo, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu, na kwa umbo linaloingia mfukoni.