Neno ni Nini? Tahakiki ya Kipimo cha Kusoma kwa Dakika

Utafiti juu ya usomaji wa watoto wa shule za msingi umekuwa mwingi mno nchini Kenya tangu mwanzo wa karne hii, na sehemu kubwa yake imejengwa juu ya nguzo moja. Mtoto hupewa hadithi fupi, mtahini hushika saa, na baada ya sekunde 60 maneno yaliyosomwa sawasawa kwa sauti huhesabiwa. Jumla hiyo huitwa kasi ya kusoma. Kipimo hiki kilitengenezwa Marekani na shirika la RTI International mwaka 2006 kwa ajili ya nchi maskini, na misingi yake ilichukuliwa kutoka majaribio ya watoto wanaosoma Kiingereza. Makusudio yetu hapa si kukitupa, kwani kimefichua mengi yaliyokuwa yamefunikwa na mitihani ya kuandika. Tunataka kuuliza swali ambalo mwanaisimu angeliuliza kabla ya saa kuanza kuhesabu: neno ni nini?

Tuchukue umbo hawatatusomea. Kwa hijai yetu hili ni neno moja. Mwingereza akitaka kusema jambo hilohilo atatumia maneno sita. Silabi, hata hivyo, karibu zinalingana: zetu ni saba na zake ni sita. Mtoto wa Kiswahili amefanya kazi ileile ya macho na ulimi, lakini katika daftari la mtahini amepata alama moja, na mwenzake wa Kiingereza amepata sita. Isitoshe, akikosea kiambishi kimoja, tuseme akasoma hawatawasomea, neno lote limepotea, ijapokuwa mzizi na nyakati vimesomwa barabara.

Wala hitilafu haiko baina ya lugha na lugha tu. Sentensi "Paka wa dada yake yu juu ya meza" ina maneno manane na silabi 13. Sentensi "Hawajatuonyesha vitabu walivyovinunua" ina maneno matatu na silabi 17. Mtunzi wa hadithi ya mtihani anaweza basi, pasipo kujua, kumfanya mtoto yuleyule awe hodari Jumatatu na mzito Jumanne. Sijui ni mara ngapi watunzi hao walimwuliza mtu wa sarufi.

Jambo hili si geni kwa wanaozijua lugha za Kibantu. Huko Afrika ya Kusini Kizulu huandikwa kwa kuunganisha viambishi na shina, kama alivyopendekeza Clement Doke, hali Kisotho huviandika mbalimbali. Lugha ni ndugu, lakini ukurasa wa moja una maneno machache marefu na wa pili una mengi mafupi. Viwango vilivyowekwa huko kwa darasa la tatu vimekiri tofauti hiyo: maneno 35 kwa dakika katika jamii ya Kinguni, na 60 katika jamii ya Kisotho. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba watoto wa Kinguni ni wavivu. Kiswahili chetu kimesimama njia panda: twaandika chake pamoja, lakini cha mtoto mbali; twaandika kwa sababu maneno mawili, na baadhi ya wanafunzi wetu, hata wa chuo kikuu, huyaandika moja. Mpaka wa neno kwetu ni mapatano ya waandishi zaidi ya kuwa ukweli wa lugha.

Yafaa tuwatendee haki watafiti. Viwango vilivyotumika Kenya kwa darasa la pili vilikuwa maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Basi walijua kwamba mizani si moja. Kosa huja baadaye, tarakimu zinapotoka mikononi mwao na kuingia katika ripoti na hotuba. Hapo 45 huwekwa kando ya 65 bila maelezo, na msomaji wa haraka hukata shauri kwamba Kiswahili kiko nyuma, kwa hiyo vitabu na saa za masomo viongezwe upande ule mwingine. Kwa idara kama zetu hilo si jambo dogo.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Hijai ya Kiswahili ni nyepesi: kila herufi ina sauti yake. Mtoto aliyefundishwa silabi vizuri anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti tamu asiuelewe hata kidogo, hasa pale ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa haya. Mtoto wa chuoni Lamu husoma Kurani kwa matamshi safi kabla hajajua Kiarabu, na mwalimu wake hajidai kwamba usomaji huo ni ufahamu. Anajua anachofundisha na kwa nini. Sylvia Scribner na Michael Cole, katika kitabu chao cha 1981 juu ya Wavai wa Liberia, walionyesha kwamba waliosoma Kurani walipata nguvu katika aina fulani ya kukariri, na waliotumia hati ya Kivai walipata nguvu nyingine. Kila usomaji ulizaa ustadi unaolingana na matumizi yake. Utafiti wa Piper, Schroeder na Trudell wa 2016, uliohusu Kiingereza, Kiswahili, Kidholuo na Kigikuyu hapahapa Kenya, nao uliashiria kwamba kasi na ufahamu haviendi sambamba toka lugha hadi lugha: Kiingereza kilisomwa mbio na kueleweka haba.

Tungependekeza silabi zihesabiwe badala ya maneno, maadam silabi yetu ni ya wazi na mtahini yeyote aweza kuitambua. Pingamizi litatolewa kwamba silabi haina maana. Ni kweli; lakini kipimo cha sasa nacho hupima sauti, tena kwa kipande kisicho na urefu maalumu. Maana itafutwe kwa maswali, na maswali hayo yawe zaidi ya matano, yaulizwe bila saa, na mtoto aruhusiwe kurudi kwenye hadithi kutazama tena.