Kima punju wameonekana wengi. Je, watoto wao wanakua?

Mwaka 2019 jarida la Oryx lilichapisha sensa ya kima punju wa Unguja, na habari iliyosambaa ilikuwa moja tu: kumbe wako zaidi ya mara tatu ya ilivyodhaniwa, kama 5,800 hivi. Watu tukafurahi, na mimi nikiwemo. Ila waandishi wa ripoti hiyohiyo walionya kwamba wachanga wanaofikia ukubwa ni wachache. Hilo halikusambaa sana.

Tuanze na hiyo "mara tatu". Haina maana kwamba kima wameongezeka. Kabla ya hapo hakuna aliyewahesabu kwa utaratibu kisiwa kizima. Kilichoongezeka ni ujuzi wetu.

Halafu, ukisimama kwenye mashamba yaliyo kando ya Jozani utaona makundi makubwa, kima hawaogopi watu, na utasema hawa wamestawi. Kirstin Siex, aliyewachunguza kuanzia miaka ya 1990, alieleza jambo jingine: msitu wa jirani ukikatwa, kima hukimbilia kipande kilichobaki na kubanana humo. Daladala ikijaa hatusemi abiria wamezaana. Tunajua gari jingine halikuja.

Sasa nije kwenye sensa yenyewe, maana nayo nina neno nayo. Sensa ni picha ya siku moja. Inaweza kukuambia kila jike ana wachanga wangapi, basi. Wakiwa wachache, hujui kama majike hawazai, au wanazaa na watoto wanakufa. Wakiwa wengi, usifurahi haraka: jike aliyefiwa na mtoto huacha kunyonyesha na huweza kushika mimba mapema zaidi. Kwa hiyo kundi linalozika sana linaweza kuonekana ndilo linalozaa sana!

Utauliza, kwani tofauti hiyo ina faida gani? Dawa zake si moja. Kama tatizo ni uzazi, tutazame chakula na msitu unaopungua. Kama ni vifo, tutazame kinachoua. Barabara ya kusini inapita hapohapo Jozani, na matuta yaliyowekwa yamepunguza kima wanaogongwa lakini hayajamaliza. Ukikosea kujua tatizo ni lipi, unapanda miti wakati watoto wanakufa barabarani, au unaongeza matuta wakati mama zao hawashibi.

Siilaumu sensa, bila hiyo tungekuwa bado tunakisia. Lakini kazi inayobaki ni ya kuchosha: kuwatambua majike mmoja mmoja, kuwafuata miaka kadhaa, kuandika nani kazaa na mtoto kafika wapi. Kazi hiyo haileti kichwa cha habari.

Kwa hiyo msomaji, siku nyingine ukiambiwa wanyama fulani "wameongezeka", uliza maswali mawili. Wamezaliwa wangapi? Na mwaka uliofuata, walikuwepo wangapi kati ya hao?