Hongera, Fundi wa Daudi
Pongezi za mafundi mawe wote nampa Michelangelo. Pande lile la marumaru kutoka Carrara lilikwisha kuguswa na wachongaji wengine, wakaliacha, likakaa miaka mingi likinyeshewa mvua huko Florence. Yeye alilipokea mwaka 1501, akiwa na miaka 26. Kufikia 1504 lilikuwa Daudi mwenye urefu wa mita 5.17. Kabla yake, mchongaji Donatello alikuwa amemwonyesha Daudi akiwa ameshashinda, kichwa cha Goliathi kikiwa miguuni. Huyu wa Michelangelo bado hajapigana. Kombeo liko begani, paji limekunjamana, mishipa ya mkono wa kulia imetutumka. Kiganja cha mkono huo ni kikubwa mno kwa mwili wake. Wanaosema ni kasoro na waseme; kwangu ndicho kilichobeba kisa kizima.