Mji Mkongwe unaonyesha milango, shamba haulionyeshi

Bandugu wa association, wengi mumeniuliza Zanzibar niliiona namna gani. Picha mulishaziona. Leo nataka niseme kile picha hazisemi: mji ni mzuri kweli, lakini hadithi wanayomuuzia mgeni iko na tundu katikati, na ndani ya tundu hilo njo tuko sisi watu wa bara.

Nilikuwa Morogoro kwa mafunzo ya mambo ya udongo. Yalipoisha nikapanda boti Dar es Salaam, nikakaa siku mbili Unguja kama mtalii kamili, kofia kichwani na chupa ya maji mkononi.

Nianze na sifa, juu sitaki museme mutoto wa Kibumba anajua kulalamika tu. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Unesco tangu mwaka 2000, na unastahili. Nyumba za mawe ya matumbawe, vichochoro ambamo jua haliingii hata saa sita mchana, Ngome Kongwe, na jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883, ambalo upande wake mmoja ulianguka Desemba 2020. Mtembeza wageni wetu alikuwa anajua kazi yake. Kila mlango alikuwa na neno lake: huu wa Kihindi, umepinda juu, ule wa Kiarabu, juu ni mraba.

Tukafika mlango mmoja, akasema: «Hapa aliishi Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Sasa ni makazi ya watu. Twendeni.» Dakika mbili, basi.

Nikamuuliza: «Samahani kaka, hizo pembe zilitoka wapi?»

«Bara.»

«Bara gani?»

Akacheka. «Bara huko kwenu! Hicho Kiswahili chako si cha Kongo?»

Jibu lilikuwa sahihi, na aliishia hapo. Hakusema Kasongo, hakusema Nyangwe. Hakusema kwamba mwenye mlango ule alitawala sehemu kubwa ya Maniema, na kwamba mwaka 1887 Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls, pale tunapoita Kisangani. Ni kusema: Mwarabu tuliyefundishwa shuleni kwamba Wabelgiji walikuja kutuokoa naye, Mbelgiji alimpa kwanza cheo na mshahara. Jambo la namna hiyo ukilisema mbele ya mlango, mlango unageuka kitu kingine. Bila hilo, unabaki ubao uliochongwa vizuri.

Na kuna lugha. Tuko tunaita Kiswahili chetu Kingwana, lugha ya waungwana, watu huru. Kumbe wengi walioileta hadi kwetu walikuwa wapagazi na askari wa misafara, na kati yao watumwa hawakukosa. Mimi na yule kaka tulielewana bila mkalimani. Kuelewana kule kulikuwa ushahidi wa ile njia kuliko vyote tulivyopigia picha siku ile, na hakuna aliyetuambia tuusikilize.

Tukaenda kwenye soko la zamani la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873 na Waanglikana wakajenga kanisa lao pale pale. Nje kuna shimo na sanamu za watu watano wamefungwa mnyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Pale nilinyamaza. Lakini kisha wanakushusha katika vyumba vya chini, vya giza, wanakuambia humu watumwa walirundikwa. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, lilijengwa soko likiwa limeshafungwa, na kuna wanahistoria wanaobisha kwamba vilikuwa vya watumwa. Maonyesho yaliyo pale pale yanaeleza biashara ile kwa utulivu zaidi, ila kundi letu liliyapita mbio. Mgeni anataka chumba cha kuogopesha, basi anapewa chumba.

Sasa nifike kwenye yangu, shamba. Siku ya pili nilifanya ziara ya viungo. Unapewa jani, unanusa, unabahatisha jina. Kijana anapanda mnazi huku akiimba. Unavishwa kofia ya makuti. Mbele ya mkarafuu tukaambiwa: zao hili lilitajirisha Zanzibar. Tukanusa, tukapita.

Bandugu agronome, musimamishe hapo kidogo. Karafuu ni chipukizi la ua. Linachumwa kwa mkono, kishada kwa kishada, kabla halijafunguka; ukichelewa, bei imekwenda. Kisha linatenganishwa na kikonyo, linaanikwa juani siku kadhaa. Mti wenyewe unangoja miaka kama sita au saba kabla ya kuzaa vizuri. Ni zao linalokula mikono. Katika karne ya 19 mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, wengi waliopitia Kilwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na wengine kutoka njia zingine za bara. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897, miaka 24 baada ya soko kufungwa. Ni kusema mashamba yaliendelea. Lakini ziara ya soko inafanywa leo, ya karafuu kesho, na hakuna anayeziunganisha. Kwenye soko unalia, kwenye shamba unanusa. Hilo njo kosa ninalolisema.

Mtu atanijibu: mtalii yuko konje, hakuja kufanya ekzame. Na mtembeza wageni anaishi kwa bakshishi. Ninakubali. Lakini sentensi moja mbele ya mkarafuu haiongezi hata dakika moja.

Na tusicheke Wazanzibari. Kabla vita haijarudi, Kibumba ilikuwa na hema za watalii wa Virunga. Mgeni alikuja kwa sokwe, alipiga picha ya Mikeno asubuhi, akaondoka. Nani alimwambia kwamba mwaka 1994 hapa palikuwa na kambi ya wakimbizi, moja ya zile kubwa, na kolera ikaua watu ambao hatuna hesabu ya majina yao? Nani alimwonyesha mama anayevuna mashu, au chukudu inayoteremka Goma imebeba viazi, wakati shamba la familia linapakana na mpaka wa Parc na hakuna pa kupanua? Sisi wenyewe tulimuuzia mlima na mnyama.

Siku amani itakaporudi na wageni nao, wengine wetu tutakuwa njo watembeza wageni. Tuanzie shambani.